Kipimo, Kosa na Kiwango: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji Maabarani

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili imekwenda mbali. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, orodha nyingi za maneno zimetolewa, baadhi yake katika mfululizo wa Tafsiri Sanifu. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hapana shaka kwamba kazi hiyo imetupatia majina ya vitu: viungo vya mwili, elementi, mitambo na vyombo. Lakini sayansi haisimami juu ya majina ya vitu peke yake. Husimama juu ya upimaji, na istilahi za upimaji ndizo tunazoona zimeachwa nyuma. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki maneno manne yatumikayo kila siku maabarani, yaani kipimo, usahihi, kosa na kiwango, pamoja na namna yetu ya kutaja sifuri na saa. Tutajaribu kuonyesha kwamba ulegevu wa maneno huzaa ulegevu wa kazi, na kwamba ulegevu wa kazi hii humfikia mgonjwa.

Ili hoja zetu zisielee hewani, tumechagua mahali pamoja pa kuzijaribia, napo ni kisiwa cha Pemba. Huko Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Jambo moja lililochunguzwa sana kisiwani humo ni minyoo ya tumbo na kichocho. Watoto wanaotoa sampuli, wazazi wanaoridhia, walimu wanaopanga foleni na wengi wa wanaokaa mbele ya hadubini ni wasemaji wa Kiswahili. Basi ikiwa lugha yetu ina upungufu katika jambo hili, upungufu huo utaonekana huko upesi kuliko katika orodha zetu za mezani.

Njia yenyewe

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, kwani istilahi haiwezi kuhakikiwa na mtu asiyejua kinachotajwa. Njia inayotumika sana kuhesabu mayai ya minyoo ya tumbo huitwa Kato-Katz, kwa jina la Kato wa Japani, aliyeianzisha katika miaka ya 1950, na la Katz wa Brazili, ambaye yeye na wenzake waliifanya kuwa njia ya kuhesabu mwaka 1972. Choo huchujwa kwa wavu mwembamba, kisha hutiwa katika tundu la kibao kidogo kilichowekwa juu ya kioo. Tundu likijaa husawazishwa, kibao huinuliwa, na kinachobaki hufunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa katika gliserini. Tundu la kawaida huchukua miligramu 41.7. Kwa kuwa hiyo ni sehemu moja ya 24 ya gramu, hesabu ya mayai yaliyoonekana huzidishwa kwa 24, na jibu huwa ni idadi ya mayai katika kila gramu ya choo.

Msomaji aone mara moja uzito wa namba hiyo 24. Kila yai moja lililorukwa na jicho ni mayai 24 yaliyopotea katika daftari. Kila chembe iliyozidi tunduni nayo huzidishwa vivyo hivyo. Kazi hii ya dakika chache, inayofanywa kwa vyombo vya bei ndogo, haina nafasi kubwa ya uzembe.

Neno kipimo

Neno la kwanza ni kipimo. Katika matumizi ya sasa neno hili hubeba mizigo mitano kwa pamoja. Kipimo ni kile kifaa cha kupimia. Kipimo ni kizio, kama gramu au mita. Kipimo ni tendo la kupima. Kipimo ni jibu lililopatikana. Na kwa mganga, kipimo ni kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa. Mtu akisema, "Kipimo hiki si kizuri," hatujui kama alaumu mizani, kizio, mpimaji, jibu, au dawa.

Mzigo huu si wa lazima, maana lugha imekwisha kutupa njia ya kuupunguza. Tunacho kizio kwa maana ya gramu na mita. Tunao upimaji kwa tendo. Kwa kifaa tunayo maneno yaliyozoeleka yenye muundo mmoja, kama kipimajoto na kipimapembe, na pale kifaa kisipokuwa na jina lake maalumu twaweza kusema kipimio. Kwa jibu tuna matokeo, na kwa dawa lipo neno dozi, ambalo kila mwenye duka la dawa analifahamu. Hatupendekezi kipimo kifutwe katika usemi wa kawaida, jambo ambalo halitawezekana. Twapendekeza tu kwamba katika mwongozo wa maabara neno hilo lisitumike peke yake pale ambapo moja ya haya matano litafaa zaidi.

Usahihi na uthabiti

Neno la pili ni usahihi. Hapa pana fikra mbili ambazo wanasayansi huzitenga kwa makini, nasi twaziita kwa jina moja. Fikra ya kwanza ni kukaribia ukweli: jibu lililopatikana liko mbali au karibu kiasi gani na hali ilivyo? Fikra ya pili ni kukaribiana kwa majibu yenyewe: tukipima tena na tena, majibu yanashikana au yanatawanyika?

Tofauti hii si ya kujifurahisha. Tuchukue mpimaji ambaye mkono wake una desturi ya kujaza tundu kupita kiasi, hata likachukua miligramu 50 badala ya 41.7. Mtoto aliye na mayai 1,700 ya safura katika kila gramu ataonekana kwenye kioo ana mayai 85 hivi. Nayo 85 mara 24 ni 2,040. Kwa mipaka iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, maambukizo ya safura ni mepesi yakiwa chini ya mayai 2,000 kwa gramu, na ya wastani yakianzia hapo hadi 3,999. Mtoto huyu amepandishwa daraja na mkono wa mpimaji. Mpimaji mwingine huacha nafasi wazi chini ya tundu, akachukua miligramu 35. Mtoto aliye na mayai 2,200 kwa gramu ataonekana na mayai 77, na daftari litaandikwa 1,848. Huyu naye ameshushwa.

Sasa, kila mmoja wa wapimaji hawa akirudia kazi yake mara kumi, majibu yake yatakaribiana, maana mkono wake una desturi moja. Msimamizi anayetazama kukaribiana huko atasema, "Kazi yake ni sahihi," na kwa Kiswahili cha sasa hatakuwa amekosea lugha. Lakini kazi si sahihi. Ni thabiti tu, yaani imesimama imara mahali pasipostahili.

Kwa hiyo twapendekeza usahihi ubaki kwa fikra ya kwanza, na uthabiti uchukue fikra ya pili. Tunajua kwamba uthabiti hutumika pia kwa msimamo wa mtu na kwa hali ya kemikali isiyogeuka upesi. Tumelifikiria neno ukaribiano, nalo lina faida ya kueleweka bila maelezo. Lakini mtu aweza kulidhania kuwa ni ukaribiano na ukweli, na hapo tutakuwa tumerudi tulikotoka. Tukisema "uthabiti wa upimaji", maana itakaa.

Kosa na hitilafu

Neno la tatu ndilo linalotusumbua zaidi, nalo ni kosa. Katika Kiswahili, kosa ni jambo la mtu. Mwenye kosa hulaumiwa, huomba radhi, hulipa. Vitabu vyetu vya shule vinapomwambia mwanafunzi kwamba kila upimaji una kosa, yeye husikia kwamba kila mpimaji ana hatia.

Tuone matokeo yake. Wasomaji wawili wanatazama vioo viwili vya choo kimoja. Wa kwanza ahesabu mayai 40, wa pili 46. Hapana aliyekosea. Mayai hayakusambaa sawasawa ndani ya choo, na hata minyoo yenyewe haitoi idadi ileile ya mayai kila siku. Tofauti hii ni habari yenye thamani, kwa kuwa humwonyesha mtafiti mipaka ya anachokijua. Lakini ikiwa lugha ya maabara huiita kosa, msomaji wa pili atajaribiwa kuirekebisha 46 ikawa 41, asije akaulizwa. Ataandika namba nzuri na kuficha habari. Namna hii neno baya huweza kumfanya mtu mwaminifu aseme uwongo.

Twapendekeza maneno matatu yatengane. Kosa libaki kuwa kosa: kubadilisha vibandiko vya sampuli mbili, kuandika 19 badala ya 91, au kuacha kioo muda mrefu kabla ya kukisoma. Inajulikana kwamba gliserini huyayusha mayai ya safura, na kwa hiyo kioo chapaswa kusomwa ndani ya saa moja. Anayekisoma saa tatu baadaye amekosa kweli. Hitilafu iwe ni ile tofauti isiyoepukika baina ya jibu na ukweli. Kwa asili neno hili lamaanisha kutolingana, na ingawa siku hizi twasema hitilafu ya umeme kwa maana ya uharibifu, asili yake haijafa. Tena hitilafu yenyewe ina namna mbili. Ipo ile iendayo huku na huku, mara juu mara chini, ambayo twaweza kuiita hitilafu ya nasibu. Nayo ile ya mkono wenye desturi ya kujaza mno, ambayo daima huelekea upande mmoja kama mizani iliyopinda, twapendekeza iitwe mwegemeo.

Kuzitenga namna hizi ni kutenga dawa zake. Hitilafu ya nasibu hupunguzwa kwa kurudia: vioo viwili kwa kila sampuli, au sampuli za siku mbili mbalimbali, kisha kuchukua wastani. Mwegemeo hautibiwi kwa kurudia hata mara mia. Hutibiwa kwa kulinganisha: kuijaribu mizani kwa jiwe linalojulikana uzito wake, au kumpa mtu mwingine vioo kadhaa avisome upya pasipo kuona hesabu ya kwanza. Mkufunzi asiye na maneno mawili atatoa dawa moja kwa maradhi mawili.

Kiwango

Neno la nne ni kiwango. Husemwa, "Kiwango cha maambukizo shuleni ni kikubwa." Je, maana yake ni kwamba watoto wengi wana minyoo, au kwamba watoto wenye minyoo wana minyoo mingi? Haya ni mambo mawili. Katika shule moja watoto 60 kati ya 100 waweza kuwa na maambukizo, wote mepesi. Katika shule nyingine wawe 20 tu kati ya 100, lakini watano kati yao wana maambukizo mazito, damu yao ikipungua siku hata siku. Ofisa anayesoma kwamba kiwango cha shule ya kwanza ni kikubwa kuliko cha pili hajui amwendee nani kwanza.

Twapendekeza uenezi kwa hesabu ya watu walioambukizwa katika kila mia, na uzito wa maambukizo kwa wingi wa mayai, tukiendelea kusema mepesi, ya wastani na mazito kama ilivyozoeleka. Kiwango kiachiwe kazi iliyokwisha kukipata hadharani, yaani kipeo kilichokubaliwa ambacho vitu hulinganishwa nacho, kama lisemavyo jina la Shirika la Viwango Tanzania.

Uhitaji wa neno lenye mpaka ulionekana wazi katika jaribio lililofanywa Pemba na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014. Watoto 480 wa shule waligawiwa dawa mbalimbali ili ionekane ipi yafaa dhidi ya minyoo yenye umbo la mjeledi. Waliopewa albendazoli peke yake walioponywa kabisa walikuwa asilimia 2.6, waliopewa mebendazoli, asilimia 11.8; na waliopewa albendazoli pamoja na oksanteli, asilimia 31.2. Lakini kwa kupungua kwa mayai, namba zilikuwa 45.0, 75.0 na 96.0 kwa mfuatano huohuo. Dawa moja, watoto walewale, na namba mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Mwandishi wa habari atakayeandika kwamba "kiwango cha mafanikio" cha albendazoli na oksanteli ni asilimia 31 hasemi uwongo. Na yule atakayeandika asilimia 96 pia hasemi uwongo. Bali msomaji wa kila mmoja wao atadanganyika. Pasipo kutaja kuponywa au kupungua kwa mayai, namba hizo hazina maana.

Tena tukumbuke kwamba kuponywa hapa maana yake ni kutoonekana yai baada ya dawa. Basi msomaji wa vioo aliye mzembe huongeza idadi ya walioponywa. Uvivu wa jicho hugeuka kuwa sifa ya dawa, na dawa dhaifu huendelea kugawiwa kwa watoto ambao minyoo yao imebaki tumboni.

Sifuri, na saa

Hili latuleta kwenye namna ya kutaja sifuri. Kioo kisipoonyesha yai, husemwa, "Hana minyoo." Kauli hiyo hupita mipaka ya ushahidi. Kioo kimoja kimechukua sehemu ya 24 ya gramu moja tu. Mwenye mayai machache aweza kupita bila kuonekana. Ndivyo ilivyo kwa kichocho, ambapo mililita 10 za mkojo huchujwa na mayai kuhesabiwa, na mayai 50 au zaidi huhesabiwa kuwa maambukizo mazito. Kadiri juhudi za kutokomeza kichocho Unguja na Pemba zilivyopunguza ugonjwa huo, ndivyo waliobaki walivyozidi kuwa wenye mayai machache, yaani hao hasa ambao chujio moja laweza kuwakosa. Istilahi ya jibu hili iwe "hayakuonekana mayai", wala si "hana". Maneno ni marefu kidogo, lakini ni ya kweli, na humwachia mganga njia ya kupima tena.

Kuhusu saa, hatari iko katika tafsiri. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi katika mkojo karibu na adhuhuri, na miongozo ya kigeni huagiza sampuli zichukuliwe kuanzia saa iandikwayo 10 hadi ile iandikwayo 2. Mfasiri akihamisha namba hizo kama zilivyo, msemaji wa Kiswahili atasoma saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, wakati watoto wamekwisha kwenda zao na wingi wa mayai umepungua. Tafsiri iliyo sawa ni saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Hapa kila neno limefasiriwa, ila maana imeachwa ng'ambo.

Urithi wa pishi

Huenda akatokea wa kutuambia kwamba tunadai kutoka kwa Kiswahili jambo lisilo la asili yake, eti sisi ni watu wa kukadiria tu. Dai hilo halina msingi, na Pemba ndiko kunakolikanusha vizuri. Kisiwa cha karafuu kimeishi kwa vipimo. Mchumaji alilipwa kwa pishi za karafuu mbichi. Karafuu iliyokauka iliuzwa kwa frasila, na siku hizi kwa kilo. Kila mchumaji alijua kwamba pishi ni ya ujazo na frasila ni ya uzito, na kwamba karafuu ikianikwa uzito wake hupungua sana. Walijua pia kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na walikuwa na maneno ambayo hata vitabu vya sayansi vingeyaonea wivu: kibaba cha tele ni kile kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na mdomo wa chombo. Aliyekubaliana kwa tele akapewa mfuto alijua kuwa amepunjwa.

Turudi kwenye kibao chenye tundu. Agizo lote la njia ile laweza kusemwa kwa neno moja la sokoni: tundu lijazwe kwa mfuto, lisijazwe kwa tele. Mwanamke yeyote wa Pemba aliyewahi kupima mchele atalifahamu agizo hilo kabla halijamalizika kutamkwa, na mwanawe aliyesomea maabara atalifuata kwa mkono mwepesi kuliko atakavyofuata sentensi tatu za tafsiri. Twalitaja neno hili kwa sababu linatufundisha mahali pa kutafuta istilahi. Wafanyabiashara, mafundi na wachumaji walikuwa na haki zao za kulinda, na kwa hiyo walihitaji maneno yasiyoyumba. Kabla ya kuunda neno jipya, tuwaulize wao.

Mapendekezo

Tunajua kwamba istilahi haziwi sanifu kwa kuandikwa katika makala. Hata hivyo twaomba kamati za istilahi, za Bara na za Zanzibar, zitazame mambo haya: kizio, upimaji, kipimio, matokeo na dozi vipokee mizigo ya kipimo, usahihi na uthabiti vitengwe, kosa, hitilafu ya nasibu na mwegemeo vitengwe, uenezi na uzito wa maambukizo vichukue mahali pa kiwango, jibu la sifuri liandikwe "hayakuonekana mayai", saa zifasiriwe kwa hesabu ya Kiswahili, na mfuto urudishwe kazini. Maneno mengine kati ya haya huenda yakashindwa, na wenye maneno bora wayalete. Tusichokubali ni kuachwa mambo yalivyo, kwa hoja kwamba wenye kazi wanaelewana.

Wenye kazi huenda wanaelewana. Lakini jibu la maabara halibaki maabarani. Huenda kwa mganga, kwa mwalimu na kwa mzazi aliyetembea kutoka Micheweni au Mkoani, na huko hufika likiwa maneno tu, bila kioo wala hadubini. Mzazi huyo hana njia ya kuhesabu mayai upya. Ana neno aliloambiwa, na kwa neno hilo ataamua kama mtoto atameza dawa au atarudi nyumbani.